Ripoti za Meza ya Muhuru

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Ukiniambia kumekucha, nitatoka nje nikaangalie mwenyewe. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la kando, na sikatai. Katika ualimu tabia hiyo ilinisaidia, maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniibia mtihani. Nyumbani ilinigharimu. Nataka kulisema hilo kwa sababu wenzangu wakikumbuka ule mchezo wetu wa miaka ya tisini hukumbuka vicheko tu, na mimi nikikaa nao hucheka pia.

Mchezo wenyewe uliletwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyefundisha hesabu karibu na Asumbi kwa miaka miwili. Alipoondoka aliacha sanduku la kadibodi, na ndani mlikuwa na kitabu cha sheria kisicho na jalada na dadu za ajabu, nyingine za pande nane, nyingine za pande ishirini. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja ni shujaa wa kubuni, nguvu zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja ni refa, na yeye ndiye msimulizi: mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje? Unasema unachofanya, unarusha dadu, na dadu inaamua kama umevuka au umeliwa na mamba. Hakuna ubao na hakuna bao.

Mwalimu mmoja wa Asumbi alilirithi lile sanduku akalifanya ligi. Kila mwezi alitunga hadithi moja, akaipiga stensili, akaitia katika bahasha zilizofungwa kwa gundi, na bahasha zikaenda kwa meza nne: Asumbi kwenyewe, Homa Bay mjini, Muhuru Bay, na kwetu Karungu, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Sote tulicheza hadithi ileile. Kisha kila refa aliandika ripoti ya mambo ambayo mashujaa wake walifanya, na nakala zikazunguka meza zote kwa malori ya omena, dagaa wa ziwani, au kwa mkono wa msafiri. Hadithi ya mwezi uliofuata ilitungwa kutokana na ripoti hizo. Homa Bay wakimwua mkuu wa majambazi, sisi Karungu tungefika ngomeni na kukuta kiti chake kiko wazi. Sheria moja ilikuwa haivunjwi: ripoti inataja mashujaa, haitaji wachezaji. Yule mwalimu wa Asumbi, mratibu wetu, alisema hivyo ndivyo kitabu kilivyotaka.

Mimi nilikuwa refa wa Karungu. Tulicheza Jumapili mchana katika darasa la sita, kwa sababu sisi Waadventista Jumamosi ni Sabato. Na watu walikuja kutazama! Sikuwahi kuelewa vizuri kwa nini. Wauza samaki, mafundi wa nyavu, akina mama waliotoka kanisani kwao, wote walijaa kwenye madawati na madirishani. Walikuwa na mashujaa wao wa kupenda, na wakati mwingine walibishana juu ya kifo cha mtu ambaye hajawahi kuzaliwa mpaka chai ikapoa mikononi. Wao ndio walioingiza pakruok katika mchezo. Kwetu sisi Waluo, kwenye sherehe yenye muziki, mtu husimamisha wapigaji akajisifu yeye na watu wake, kwa majina ya mafumbo na maneno ya kuchekesha. Basi watazamaji wakasema shujaa asiyejisifu ni shujaa gani? Ikawa kila shujaa anaanza kwa pakruok, na ikiwachekesha watu sawasawa, anapewa nafasi ya kurusha dadu mara moja zaidi. Meza zingine zikatuiga. Mwanzoni mwa kila ripoti ziliandikwa pakruok za mashujaa, nami nilizisoma kwa sauti kabla hatujaanza kucheza.

Shuku zilikuwepo tangu mwanzo, wala si zangu peke yangu. Naibu wa chifu alisikia tuna "kampeni", kama kitabu kilivyoiita ile hadithi ndefu, yenye matawi manne, naye siku hizo watu wakikusanyika kumi alitaka kuona kibali. Alikaa nyuma Jumapili tatu mfululizo, kofia magotini, akingoja tutaje siasa. Jumapili ya nne alimshauri shujaa mmoja asiingie pangoni. Mimi nami, wasiwasi wangu ulikuwa Asumbi. Kule ni misheni ya Wakatoliki, nao walicheza Jumamosi, siku moja kabla yetu, na mara mbili nilimsikia mtu dirishani akinong'ona jambo la hadithi ambalo bado sijalisimulia. Nilianza kukagua gundi za bahasha kwenye mwanga. Nilibandika unywele wangu chini ya gundi ya ripoti zangu ili nijue nani anazifungua njiani. Nilipomwambia baba, alicheka, akaniuliza kama nafundisha shule au nalinda benki.

Baba alikuwa mtazamaji wangu wa kwanza. Alikuwa mzee wa kanisa, mgane, mwenye mashua moja na macho yaliyoanza kufifia. Biblia ya Kiluo alikuwa akiijua kwa moyo zaidi ya kuisoma. Barua nilimsomea mimi. Alikaa dawati la mbele, fimbo katikati ya magoti, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshauliza, "Muhuru wanasemaje?"

Aliuliza Muhuru kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka huyo ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na ndiye aliyekuwa nahodha wa mashua ya baba. Nilimfundisha mchezo mwenyewe. Alikuwa mchezaji wa ovyo, hajui kuweka akiba ya mishale, lakini pakruok zake ziliwafanya watu walie kwa kucheka. Aliposhusha samaki Muhuru alicheza huko pia, kwa vile sheria ilimruhusu shujaa kuhama na karatasi yake. Sasa, msimu wa mvua ndefu, mashua ilitoka Muhuru Jumapili jioni ikielekea nyumbani, na upepo ukaipindua. Maiti za vijana wawili aliokuwa akifanya nao kazi zilipatikana, moja upande wetu, moja upande wa Tanzania. Yake haikupatikana. Tulitafuta wiki tatu. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya darasa la sita nikachana nakala ya karatasi ya shujaa wake iliyobaki kwangu, na watazamaji wote wakasimama. Nililia mbele ya watoto niliowafundisha, na sijali.

Wasiozaliwa kwetu huenda wasijue kinachofuata. Mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, huchukuliwa tunda la mti wa yago, refu na zito, na huzikwa mahali pake, kwa kaburi na matanga kamili. Bila hivyo yeye hapumziki na nyumba haitulii. Baba mdogo, nduguye baba, ndiye aliyelisimamia jambo hilo. Alisema mdogo wetu wa mwisho anataka kujenga na hawezi kumruka kaka yake ambaye hayupo hai wala hayupo kaburini. Baba akakataa. Kwanza alisema Mwadventista hazikii tunda. Baadaye akasema ukweli: ukishamzika mtu, umemzika. Akirudi hawezi kupita langoni tena, na wako wazee wanaosema hawezi kulala katika dala ile, boma la baba yake, maisha yake yote.

"Nipeni ishara moja kwamba yuko," baba alimwambia nduguye mbele yangu. "Neno moja tu. Nikilipata, hakuna wa kunichimbia shimo kwangu."

Alikuwa akingoja neno moja. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo, nami nililijua kuwazidi wote.

Miezi mitatu baada ya mashua kupinduka, ripoti ya Muhuru ilileta shujaa mpya. Jina lake sikulijua. Nilikuwa nikiipitia ripoti peke yangu ofisini, kama kawaida yangu, kabla ya kuisoma mbele ya watu. Pakruok yake ilisema: mimi ndugu wa yule dada aliyekula kichwa cha mbuta akamsingizia paka, na paka akapigwa.

Huyo dada ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, kichwa cha mbuta, yule samaki sangara, kilikuwa cha mgeni, na paka yule maskini alipigwa kweli. Kaka yangu alikitumia kisa hicho kunichokoza miaka ishirini.

Mtu mwingine angepiga magoti akamshukuru Mungu. Mimi nilikaa nikaanza kuhesabu nani mwingine anakijua. Vijana wa mashua walikijua, lakini wamekufa. Hao vijana walikuwa na marafiki Muhuru. Kaka mwenyewe alikuwa na mdomo usio na mlango, na saa za ziwani ni ndefu. Hivyo nikaona wazi kabisa, kama mtu anavyoona jambo analotaka kuliona: kuna mhuni Muhuru ameokota maneno ya marehemu ili achekeshe watu apate dadu ya ziada. Nilichukua rula na kalamu ya wino mwekundu nikaukata ule mstari, na Jumapili nilipofika hapo nikauruka. Baba akauliza Muhuru wanasemaje. Nikasema wamevuka mto.

Nilijiambia ninamkinga. Mzee ambaye ameanza kula vizuri juzi tu, umpe tumaini la kuokota? Nilijiambia hivyo na niliamini.

Mwezi uliofuata shujaa yule alirudi, na pakruok yake iliongezeka: mimi mwana wa mzee anayeanza sala kwa kukohoa mara mbili, hata malaika wamezoea. Ni kweli, baba alikohoa mara mbili. Lakini kanisa zima lilimsikia, na Muhuru kulikuwa na Waadventista wa kutosha. Nikaukata na huo. Safari hii niliandika barua kali kwa refa wa Muhuru, mtu wa makamo mwenye duka la dawa, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Nilimwambia kwenye meza yake kuna mwizi anayevaa nguo za maiti, na nikamtaka anitajie jina.

Jibu lake lilikuja kwa lori la omena, mistari mitatu. Alisema anajua uchungu wangu. Alisema sheria ya ligi haimruhusu kumtaja mchezaji, na zaidi ya sheria ameapa. Aliniomba nizisome ripoti zake zote kwa watu, bila kupunguza.

Bila kupunguza! Amejuaje kwamba napunguza? Badala ya kuuliza kwa nini mtu wa duka la dawa aapishwe kwa ajili ya mchezo, nikauliza ni nani kwenye darasa langu anayenipeleleza. Niliwatazama watazamaji wangu mmoja mmoja Jumapili hiyo. Nilimshuku mke wa fundi nyavu, ambaye dada yake aliolewa Muhuru. Nilimshuku hata naibu wa chifu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nikiangalia chini.

Ripoti ya tatu haikuwa na pakruok. Kulikuwa na ujumbe, maana shujaa wa meza moja aliruhusiwa kumtumia ujumbe shujaa wa meza nyingine kupitia kwa refa. Naukumbuka neno kwa neno: "Mashujaa wa Karungu, mkimpata mzee wa langoni, mwambieni mlinzi wa mashua hakuwa mashuani. Yuko hai. Anawaogopa mama wawili. Mzee akisema njoo, atakuja."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Nakumbuka moyo ulivyoruka, nakumbuka pia jinsi nilivyoushika kwa nguvu nikaurudisha chini. Wiki hiyohiyo baba mdogo alikuwa amekwenda kutazama mti wa yago. Habari za mazishi zilikuwa zimeshafika Muhuru, nilijua. Ni nani anatuma ujumbe kama huu sasa, kama si mtu anayetaka kutuchezea? Na kama ni yeye, mbona asije? Mbona asiandike jina lake? Kaka yangu hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya mafumbo. Hivyo nilisema, mimi niliyemsikia akijificha nyuma ya mafumbo kila Jumapili. Nikapiga mstari mwekundu toka juu hadi chini, nikaifungia ile karatasi katika sanduku langu la bati pamoja na mbili za kwanza.

Siku mbili kabla ya mazishi baba aliniita. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, bila fimbo, mikono juu ya magoti. Hakuzunguka.

"Nyara," aliniita, binti yangu, "wewe unapata karatasi kutoka kila upande. Hujasikia neno lolote kutoka Muhuru?"

"Sijasikia, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia nimwambie nduguye kwamba amekubali.

Tulilizika lile tunda siku ya Jumatano. Mchungaji hakuja, na hakuna aliyemlaumu. Mama za wale vijana wawili walikuja, wakaketi na sisi. Baba alitupa udongo kidogo, akakohoa mara mbili, na sala haikutoka.

Kaka yangu alikuja siku tisa baadaye, saa nne asubuhi, kwa miguu. Mtu alimwona barabarani akakimbia. Mimi nilikuwa shuleni, nikaitwa, na nilipofika nyumbani nilimkuta amesimama nje ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu tunayozungushia boma, amekonda, viatu mkononi. Baba alikuwa upande wa ndani. Kati yao kulikuwa na lango, liko wazi, na baba mdogo amesimama katikati yake akilia huku amenyoosha mikono yote miwili kumzuia. Alisema si yeye anayezuia. Alisema wazee wakae kwanza, manyasi ifanywe, dawa ya kusafisha, kisha waone kama inawezekana. Kaka hakubishana. Alikuwa amelijua hilo kabla hajatoka Muhuru, lakini aliposikia amezikwa hakuweza kungoja tena.

Alieleza akiwa hapohapo. Jumapili ile mchezo ulinoga, shujaa wake alikuwa karibu kufika ngomeni, na wenzake wa meza ya Muhuru hawakutaka aondoke. Aliwaambia vijana watangulie na mashua, yeye atafuata kwa barabara kesho yake. Nahodha aliiacha mashua kwa ajili ya dadu. Aliposikia maiti zimepatikana alivuka mpaka, akakaa kwa wavuvi wa Tanzania, na kila Jumapili alirudi Muhuru kwa siri, refa na wenzake wa mezani wakiwa wameapa wasimtaje. Kuja nyumbani hakuweza, kwa kuwa angepita kwanza kwenye nyumba za wale mama wawili, na angewaambia nini? Kuandika barua kwa jina lake aliogopa isomwe na mtu mwingine. Akafikiria dada yake. Alijua nasoma kila ripoti mbele ya watu, na baba hakosi dawati la mbele.

Akanigeukia.

"Nyamera, dada yangu, hukuzipata?"

Ningeweza kusema sikuzipata. Lori lingebeba lawama, na Asumbi, na watu wa barabarani wote niliowashuku miaka ile. Nilisema nilizipata. Nilisema nilidhani ni mtu anayemwibia marehemu maneno. Nilijisikia nikisema hivyo kwa marehemu mwenyewe, na aibu iliyonishika sijawahi kuipata tena, wala sitaki.

Baba aliniambia nikazilete. Nilikwenda nikafungua sanduku la bati, nikarudi, na akaniamuru nisome. Nilisoma zote tatu pale langoni, mstari mwekundu ukipita juu ya maneno, mmoja wa watu wangu upande huu na mwingine upande ule. Kwenye kichwa cha mbuta hakuna aliyecheka. Kwenye "yuko hai" baba aliinua mkono nikanyamaza, akaniambia nirudie, nikarudia.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

Wazee walikaa mara nyingi. Manyasi ilifanywa, na mwishowe wakamruhusu kaka kuingia mchana kwa mwanya waliomkatia nyuma ya ua, ila si kulala. Alikwenda mwenyewe kwa mama za wale vijana. Mmoja alimpokea, mwingine hajampokea mpaka leo. Alijenga Muhuru. Baba alikuwa akibeba kiti chake hadi nje ya lango siku ambazo kaka alikuja, wakala pamoja huko, na sikuwahi kumsikia akimlaumu. Wala mimi hakuwahi kunigombeza. Ligi iliendelea mwaka mmoja zaidi, na dawati la mbele akawa analikalia mtu mwingine.

Nilihamishiwa shule ya Homa Bay mjini, nikawa nikimwandikia baba kila mwezi, naye alikuwa akizipeleka barua zangu kwa nduguye asomewe, yule yule waliyegombana naye juu ya tunda. Baba mdogo aliniambia hayo baada ya mzee kufariki. Alisema mzee alikuwa akisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kila barua ilipokwisha alimwuliza kama imesomwa yote, na kama hakuna mahali palipopigwa mstari.